Habari za Hadithi za Picha, na Maneno Yasemwayo Juu Yake



Mwezi huu napenda kuwaleteeni neno juu ya jambo ambalo wengine watalidhani dogo, nalo ni hadithi za picha, zile ambazo vijana huziita katuni au vibonzo. Sitaeleza jinsi zinavyochorwa, bali nataka tuyatazame maneno ambayo sisi wakubwa huyasema juu yake. Katika miaka yangu ya kufundisha watoto kusoma nimeyasikia mengi, na nimeona ya kuwa neno la mzazi huweza kuunguza kitabu kabla ya kiberiti kuwashwa.

Baba humwambia mwanawe, "Acha upuuzi huo, kashike kitabu," kana kwamba alichokishika mtoto si kitabu. Mama husema, "Hizo ni za watoto wadogo, wewe umekwisha kukua." Mzee naye akiwa barazani hutikisa kichwa, akasema, "Watoto wa siku hizi hawasomi, wanatazama tu." Hata mtu asiye na maana huambiwa, "Wewe ni katuni." Na kijana kwa upande wake husema moyoni, "Wazee hawajui kitu," akaenda kujificha na gazeti lake. Hivyo pande mbili zalaumiana, wala hapana hata mmoja aliyefungua ukurasa mbele ya mwenziwe.

Majina nayo ni maneno, tena hutuonyesha fikira za watu. Waingereza na Wamarekani walizipa hadithi hizi jina lenye maana ya vichekesho, kwa kuwa nyingi za zile zilizotangulia kuchapwa magazetini zilikuwa za kuchekesha. Jina likabaki hata zilipokuja hadithi za vita, na za mapenzi, na za misiba. Wafaransa husema bande dessinée, yaani ukanda uliochorwa. Waitalia husema fumetti, yaani vimoshi, kwa sababu maneno ya msemaji huandikwa ndani ya umbo litokalo kinywani mwake kama moshi. Watu wa Brazil husema quadrinhos, yaani miraba midogo. Basi mmoja ameangalia ukanda, mwingine moshi, mwingine mraba, na mwingine kicheko. Aliyeangalia kicheko ndiye mwenye taabu, maana akiletewa hadithi ya kilio hushangaa. Mmarekani Art Spiegelman alichora kitabu kiitwacho Maus, chenye habari za baba yake aliyeokoka katika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Wayahudi amewachora kama panya, na Wajerumani kama paka. Mwaka 1992 alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa ajili ya kazi hiyo. Asomaye kitabu hicho mpaka mwisho hawezi kukiita kichekesho.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi za picha si mgeni aliyefika jana. Huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika magazeti ya Kiswahili. Katika Tanzania Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na gazeti la Sani likawapa wasomaji Ndumilakuwili, na Lodi Lofa, na Madenge yule mtoto mtundu. Nami nimewaona watu wazima, tena wenye heshima zao, wakilifunua gazeti kwa ukurasa wa picha kwanza, kisha wakirudi nyuma kusoma habari za serikali kwa uso mkavu.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana liko jambo la kutufaa. Katika Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, maneno juu ya vitabu vya picha yalikuwa makali sana. Sababu zilikuwapo, kwa kuwa vingine vilijaa mauaji na vitisho visivyofaa macho ya mtoto. Mwezi wa Oktoba 1948, katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la West Virginia, watoto wa shule walivikusanya vitabu hivyo wakavitia moto, na miji mingine ikafanya vivyo hivyo. Ndipo Daktari Fredric Wertham, mganga wa maradhi ya akili wa New York, akatoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho Seduction of the Innocent, akifundisha kwamba vitabu vya picha huwapotosha watoto na kuwatia katika uhalifu.

Mtu huyu hakuwa mbaya. Tangu mwaka 1946 aliongoza zahanati katika Harlem, chini ya jengo la kanisa, iliyowatibu maskini, wengi wao weusi, waliokosa matibabu ya namna hiyo kwingine. Tena ushahidi wake juu ya madhara ya kuwatenga watoto weusi shuleni ulitumika katika mojawapo ya kesi zilizounganishwa na kuuvunja ubaguzi wa shule mwaka huo huo wa 1954.

Mwaka huo pia kamati ya Baraza la Seneti ilikaa New York kuyasikiliza mambo hayo. Mchapishaji mmoja, William Gaines, alikuja mbele yao. Seneta Estes Kefauver akamwonyesha jalada lenye picha ya mtu aliyeshika shoka lenye damu pamoja na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamwuliza kama jambo hilo ni la adabu. Gaines akajibu kuwa ndiyo, kwa jalada la hadithi ya kutisha. Jibu hilo liliwachukiza wengi, nami siwalaumu. Wachapishaji wakaogopa, wakajiwekea kanuni na mkaguzi wa kupitia kila ukurasa kabla haujauzwa.

Lakini sikieni yaliyofuata. Gaines huyo huyo alikuwa amechapa mwaka 1953 hadithi iitwayo Judgment Day. Ndani yake mjumbe wa dunia aizuru nchi ya mashine zenye umbo la watu. Zote zimetengenezwa kwa namna moja, ila ngozi za nje ni za rangi mbili. Nazo za rangi ya machungwa huzitenga zile za buluu. Mjumbe aziambia kwamba hazijawa tayari kuungana na dunia nyingine. Kisha, katika picha ya mwisho, avua kofia yake ya safari, na msomaji aona kuwa yeye ni mtu mweusi. Gaines alipotaka kuichapa tena hadithi hiyo mwaka 1956, mkaguzi alitaka mtu yule asiwe mweusi. Gaines akakataa, akaichapa vile vile ilivyokuwa. Hivyo kanuni iliyowekwa ili kuwaepusha watoto na kichwa kilichokatwa ikataka kuwanyima pia uso wa mtu mwenye heshima. Ndiyo hasara ya kusema juu ya vitabu kwa mafungu, wala si kimoja kimoja.

Kanuni ile ilidumu hata ikafa mwaka 2011, wachapishaji wa mwisho walipoiacha. Mwaka uliofuata, 2012, mtaalamu wa maktaba aitwaye Carol Tilley, aliyezisoma karatasi za Daktari Wertham zilizohifadhiwa Washington, alionyesha kwamba daktari alizibadili habari za watoto aliowaandika. Wengine aliwabadilia umri. Maneno ya watoto kadhaa aliyatia kinywani mwa mmoja. Na shida nyingine zilizowasumbua aliziacha bila kuzitaja. Mimi nalisikitika nilipoyasoma hayo, kwa kuwa huyu alikuwa mtetezi wa wanyonge. Lakini neno la haki halihitaji mkongojo wa uongo. Ukilipa mkongojo huo, siku utakapovunjika huanguka nalo.

Nalikuwa nikiyafikiri mambo hayo wakati jirani yangu, mama mmoja mchapa kazi, aliponijia jioni na furushi la magazeti ya picha lililofungwa kwa kamba. Alikuwa ameyatoa chini ya godoro la mwanawe wa miaka 11, mtoto ambaye shuleni alikuwa ameandikiwa kuwa ni mzito wa kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nimekuja uniamulie. Nataka kuyachoma haya, lakini mtoto amelia mpaka nimeingiwa na huruma."

"Marahaba, mama. Je, umeyasoma?"

"Niyasome ya nini, Mwalimu? Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Hiyo ni kweli kwa samaki wa tenga moja, mama. Lakini haya hayakuvuliwa kwa wavu mmoja. Tumwite mwenyewe."

Mtoto akaja, akaamkia, akasimama karibu na mlango kama mshtakiwa. Nalimpa gazeti moja, nikamwambia asome kwa sauti. Akaanza polepole, kisha akasahau kwamba sisi tupo. Mzee wa hadithi alimpa sauti nzito, mwenye duka akampa sauti ya puani, na mbwa hakuachwa bila sauti yake. Alipofika penye neno gumu alinyamaza, akaitazama picha, akarudi kwa lile neno, akalipata. Mama yake alikuwa hajapata kumsikia akisoma zaidi ya mistari miwili. Akaketi kimya na kamba mkononi.

Kisha nalimwuliza, "Katika yote haya, liko usilolipenda?" Akapekua furushi, akatoa gazeti lenye hadithi ya mume ampigaye mkewe, na majirani wakicheka.

"Hili, Mwalimu. Wote wanacheka, lakini huyu aliyepigwa hacheki. Hata kwenye picha ya mwisho bado analia."

Nalitazama, nikaona ni kweli. Maneno ya hadithi hayakusema popote kwamba mwanamke yule analia. Picha ndiyo iliyosema, katika pembe ndogo ya ukurasa, na mtoto aliyeitwa mzito ameisoma. Basi tukayapitia magazeti yote sisi watatu. Matano tukayaweka kando, wala mtoto hakubisha. Yaliyobaki akarudishiwa, kwa sharti kwamba kila jioni amsomee mama yake ukurasa mmoja wakati yeye apikapo. Siwaambii kwamba mtoto huyo amekuwa wa kwanza darasani, hakuwa. Lakini anasoma, na mama yake anajua anachokisoma.

Msidhani basi nasema kwamba kila kitabu cha picha huwa chema kikisomwa pamoja. Ndugu zetu wa Kongo wana habari yao. Mchoraji wa Ubelgiji aitwaye Hergé aliitoa hadithi ya safari ya Tintin katika Kongo mwaka 1930 na 1931, katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Wakatoliki la Brussels. Humo watu wa Kongo wamechorwa kama wajinga wa kuchekwa, na Tintin awafundisha watoto wao kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo liliondolewa likawekwa la hesabu, lakini nyuso zilibaki za dhihaka. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji akaenda mahakamani kutaka kitabu kizuiliwe, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa dai lake.

Watu walisema mengi. Wako waliosema, "Ni picha za watoto tu, mbona mwakasirika?" Angalieni, hao ni wale wale wasemao kwamba picha za watoto hazina maana! Kama hazina maana, mbona zilikaa katika vichwa vya watoto wa Ulaya kwa miaka yote hiyo, wakayajua midomo na macho ya kuchorwa kabla hawajamwona Mkongo hata mmoja? Picha ina nguvu. Kwa hiyo haitufai kuidharau, wala haitufai kuiogopa bila kuitazama. Mzazi wa Lubumbashi akikutana na kitabu hicho mkononi mwa mwanawe, heri akifungue naye, amwulize, "Ni nani aliyetuchora hivi? Alipata kutuona?" Hergé alikuwa hajafika Kongo alipokichora, mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba alichora kwa mawazo ya upande mmoja ya watu aliokua kati yao.

Basi, wasomaji wapenzi, shauri langu ni fupi. Ukitaka kusema neno juu ya kitabu cha picha, kwanza kisome chote, maneno na michoro pamoja. Mwulize mtoto ni nani achekwaye humo, na kama huyo naye anacheka. Ukiona ubaya, utaje kwa jina lake, ukurasa huu na picha hii, usilaani duka zima. Na ukiona uzuri, utaje pia, maana mtoto asiyesikia kwako ila karipio atajifunza kuficha, na kitabu kilicho chini ya godoro hakina mzazi wa kukieleza. Wenye simu wajue kwamba mambo ni yale yale, kwa sababu hadithi za picha sasa husomwa humo pia, na godoro la simu ni zito zaidi kuinua.

Aliye na habari za namna hii katika nyumba yake na amwandikie mhariri, tupate kusaidiana.