Pole ya Kaka Yangu

Katika mji wa Morogoro wa miaka ya sitini, kijana aliyefikia umri wa kuvaa suruali ndefu alilazimika kuchagua. Ama alikuwa wa Cuban Marimba, ama alikuwa wa Morogoro Jazz. Bendi zote mbili zilikuwa zetu, chini ya milima ileile ya Uluguru, lakini wapenzi wake walitazamana kama watu wa vijiji viwili vilivyogombania kisima. Nyumbani kwetu mpaka ulipita katikati ya chumba. Kitanda cha kaka yangu kilikuwa Cuban. Mkeka wangu ulikuwa Morogoro Jazz.

Kaka alinizidi miaka minane. Alikuwa kibarua katika shamba la mkonge, na kila alipopokea mshahara sehemu yake ilikwenda kwenye santuri. Alimpenda Salum Abdallah kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zetu. Alipenda kunisimulia jinsi Salum, akiwa kijana, alivyotoroka hadi Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba, kwa kuwa santuri za huko zilikuwa zimemroga. Meli hakuipata. Akarudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi aliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ilikuja kuwa Cuban Marimba. "Alikosa kwenda Cuba, akaileta Cuba hapa," kaka alikuwa akisema, kana kwamba yeye ndiye aliyempokea kituoni.

Santuri zao zilitolewa na Mzuri kule Mombasa, zikasikika Kenya na Tanganyika nzima. Mtu aliyezisikia Kisumu au Tanga alijua kuna mji unaoitwa Morogoro. Kwa watoto wa mji mdogo, hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi nilichagua upande wa pili, nadhani kwa sababu tu kaka alikuwa upande ule. Morogoro Jazz ilikuwa bendi ya zamani, iliyoundwa tangu miaka ya arobaini, lakini katikati ya miaka ya sitini ilimpata Mbaraka Mwinshehe, kijana mwembamba ambaye gitaa mkononi mwake lilisema. Nilikuwa mdogo, sikuwa na kiingilio. Nilisimama nje ya ukumbi, dirishani, mpaka mlinzi alipotufukuza.

Mwaka 1965 Salum Abdallah akafa kwa ajali ya gari. Mji ulizizima. Jioni moja katika siku zile tulikuwa tukila, kaka hasemi neno, nami kwa upumbavu wa miaka kumi na sita nikasema, "Sasa tutaona nani atacheza." Kaka akalirudisha tonge sahanini. Akanawa, akatoka nje. Mama alinitazama, hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kwa miezi mingi kaka alinijibu salamu tu. Nilipomwamkia "Shikamoo kaka", aliitika "Marahaba", ikaishia hapo. Mwaka 1967 nilipoingia chuo cha ualimu, alinibebea sanduku hadi mlangoni, akanipa shilingi tano, akarudi zake. Nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi. Sikuyatoa.

Cuban haikufa siku ile. Juma Kilaza alishika usukani, na bendi ikaendelea kupendwa kwa miaka kadhaa. Morogoro Jazz nayo ikapaa: mwaka 1970 Mbaraka na wenzake walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Osaka. Nilitembea chuoni siku hizo kana kwamba nami nilipanda ndege. Kisha mwaka 1973 Mbaraka akaondoka, akaanzisha Super Volcano, na Morogoro Jazz haikurudia tena kimo chake.

Siku hizi nikiulizwa na vijana kwa nini bendi zile zilianguka, wao hutaka nitaje adui mmoja. Hakuwapo mmoja. Bendi zile zilikuwa vilabu. Vyombo vilikuwa vya klabu, na mpigaji aliishi kwa mgawo wa kiingilio cha mlangoni. Tangu mwaka 1964, ilipoundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki aliweza kupata mshahara wa kila mwezi kama karani. Nani angemlaumu mwenye watoto akihamia huko? Gitaa na vipaza sauti vilitoka ng'ambo, na fedha za kigeni zilizidi kuwa adimu. Hatukuwa na kiwanda cha santuri nchini, hivyo jasho la Morogoro lilivunwa Mombasa na Nairobi. Na juu ya hayo yote, bendi ilisimama juu ya mtu mmoja. Nguzo ikiondoka, paa halingoji.

Januari 1979 nilikuwa mwalimu wilayani Kilosa. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, usafiri ulikuwa wa taabu. Redio ikatangaza kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Siku ile nilifundisha hesabu bila kujua ninaandika nini ubaoni.

Siku ya tatu nikasikia hodi. Alikuwa kaka, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekuja kwa garimoshi, na kipande cha mwisho kwa miguu. Nilidhani ana habari za msiba wa nyumbani. Akaketi, akanywa maji, akasema:

"Mdogo wangu, nimekuja kukupa pole."

Hakutaja mwaka 1965. Angeweza kunirudishia neno langu, tena kwa haki, maana ajali ilikuwa ni ileile ya gari, na mtu ni yuleyule wa muziki. Badala yake alilala kwangu usiku mmoja, tukazungumza juu ya nyimbo, zake na zangu, na alfajiri akarudi kazini. Nilipokuwa namsindikiza ndipo nilipomwambia, "Kaka, lile neno la mezani." Akanikatiza: "Ulikuwa mtoto."

Nilikuja kuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Kila mwanafunzi aliyeletwa ofisini kwangu kwa neno baya alilomwambia mwenzake, nilianza kwa kumwuliza ana umri gani.

Kaka ametangulia mbele ya haki. Santuri zake ninazo mimi, ingawa sina tena chombo cha kuzipigia. Nimezipanga kabatini, za Cuban na za Morogoro Jazz, zimechanganyika.