Gia za Kinampanda

Kijana mmoja wa gereji hapa Kinampanda anataka kumfungia mteja gia ya upepo kwenye pikipiki. Mguu wa kushoto wa mteja uliharibika ajalini, kwa hiyo abonyeze kitufe kwa kidole gumba, upepo usukume pedeli. Wazo zuri sana. Nikamwuliza atapanguaje gia akishuka mlima Sekenke. Akajibu, "Mzee, breki zipo."

Fundi wetu wa zamani angeanzia hapo hapo, kwenye kupangua. Alikaa chini ya mwembe, spana ndani ya kopo la Kimbo, na kabla hujamwona ulipokewa na harufu ya petroli iliyochanganyika na oili. Wateja wake walikuwa wakufunzi wa chuo cha ualimu, wachungaji, bwana shamba. Uliwatambua kwa kiatu cha kushoto, kimechubuka juu ya vidole. Kwenye Honda XL na Yamaha DT gia ya kwanza ilikanyagwa, zilizobaki zikanyanyuliwa kwa mguu, na chuma kilikula ngozi hata upake kiwi kila asubuhi. Fundi alikivisha chuma kile kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza kwa waya mwembamba. Kisha alikutuma uteremke mteremko, yeye akisikiliza injini toka mbali. Ukiichelewesha gia, ulirudishwa kuteremka upya kabla hajapokea hela yako.

Zikaja SanLG, ikaja Boxer: gia unakanyaga mbele, kisigino kinarudisha. Viatu vikapona, bodaboda wakajaa, ufundi ukawa kubadilisha spea. Gia boksi ikilia, nunua nyingine! Inaniudhi.

Gia ya upepo inatumika sana kwenye mashindano ya mita 402 huko Marekani. Kule mtu anapandisha gia tu: kitufe kinakata moto wa plagi kwa sehemu ndogo ya sekunde, meno yanalegea, silinda ya upepo inasukuma. Kupangua atapangua kwa mguu baadaye. Mteja wetu mguu huo hana. Anahitaji silinda inayosukuma na kuvuta, vitufe viwili, na mtungi usiovuja kabla hajafika chini, Shelui. Upepo ukimwishia mlimani, awe na wenzo wa kupangua kwa mkono.

Kijana amekubali kuanza na wenzo. Mtungi atautafuta kwenye lori bovu la Fuso, lile la breki za upepo.