Tulilojifunza Juu ya Mlima wa Karthala



Wazee wetu wa pwani walikitaja kisiwa cha Ngazidja kwa heshima, kwani kilitutolea maulamaa. Yatosha kumkumbuka Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa huko mwaka 1861, akaja kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja na humo akafariki mwaka 1925. Sisi nasi tulikwenda Ngazidja kuzuru jamaa zetu, tukitumai kurudi na ilimu ya misikitini. Walakini somo kubwa tulilorudi nalo tulilipata mlimani, kwa kijana aliyetuongoza njia.

Mlima wenyewe ni Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, nao ungali hai. Mwaka 1977 moto wake uliteremka ubavuni ukauangamiza mji wa Singani. Mwaka 2005 ulitupa majivu mengi, yakaanguka juu ya mapaa na kuingia katika mabirika, yakaharibu maji ya kunywa ya watu wengi mno. Msiba huo huenda usieleweke na msomaji aliyezoea visima na mito. Ngazidja hupata mvua nyingi, lakini karibu haina mito, kwa sababu maji hupenya upesi katika mawe ya mlima na kupotelea chini. Basi nyumba nyingi huishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa, na watu wake huyajua maji kwa kipimo.

Tuliondoka Mvouni baada ya sala ya Alfajiri, sisi na mpwa wetu na kiongozi. Kijana huyu alituita "Fundi," kwani ndivyo waitwavyo waalimu katika nchi ile. Kabla ya hatua ya kwanza alitugawia maji, lita tatu kila mmoja, akasema: "Fundi, huko juu hakuna kisima wala kijito. Haya ni ya leo, na usiku, na kesho mpaka turudi."

Njia ilipita kwanza katika mashamba ya migomba, kisha ikaingia katika msitu wenye ukungu, miti imevikwa majani mabichi tangu shina hata matawi. Juu ya msitu tulifika penye vichaka vya majani membamba kama sindano. Hapo kiongozi alituonyesha kidege cha rangi ya kijani na manjano, ambacho hakipatikani popote duniani ila juu ya mlima huu. Tukasema, Subhana Llah.

Adhuhuri ilitukuta papo hapo. Tukatia udhu kwa utulivu, kila kiungo mara tatu, kama tufanyavyo nyumbani penye bomba. Kiongozi akaitazama chupa yetu ikipungua, akasema kwa adabu: "Fundi, si bora tubakishe?" Tukamjibu: "Kijana wangu, maji yapo, na yakiwapo maji hapana tayamamu." Akainamisha kichwa, hakusema neno.

Alasiri tulifika kileleni. Kilele cha Karthala ni mfano wa bakuli kubwa mno, upana wake kama kilomita tatu kwa nne, lenye kuta za mawe pande zote, na ndani yake limo shimo jingine liitwalo Chahale. Tulikwenda juu ya ukingo baina ya kilima na kilima, upepo ukitusukuma, na upande wa kaskazini tukaona mgongo wa milima ya La Grille ukijitokeza juu ya mawingu. Hapo mpwa wetu akaketi ghafula. Midomo imemkauka, kichwa kinamzunguka, na maji yake yamekwisha. Tukaitikisa chupa yetu: yamebaki mafunda machache tu. Kiongozi akatoa chupa yake, akamnywesha kidogo kidogo mpaka akapata nguvu. Maji yale ndiyo aliyojibania tangu asubuhi.

Ndugu wasomaji, kwa zaidi ya miaka thalathini tumewasomesha watoto Safina, na humo imeelezwa wazi kuwa miongoni mwa sababu za kutayamamu ni maji kuhitajiwa kwa ajili ya kiu. Maneno hayo tuliyahifadhi ulimini. Siku yalipotakiwa, hatukuyaona.

Jua lilipokuchwa tulisema, sasa tutayamamu. Tukapiga viganja juu ya ardhi. Ilikuwa changarawe nyeusi, nzito, yenye unyevu wa mawingu, wala halikushika vumbi lo lote. Nasi twajua kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii hutakiwa udongo tohara wenye vumbi. Tulipokuwa tumeduwaa, kijana akafungua leso iliyokuwa ndani ya mkoba wake. Ndani yake mna udongo mkavu, laini, wa shambani kwao.

Tukamwuliza: "Nani aliyekufunza haya?"

Akajibu: "Fundi wangu wa kijijini. Alituambia, jambo ulisomalo lipeleke mpaka pale utakapolihitaji. Nami hupanda na udongo huu kila safari."

Tukamwomba radhi kwa maneno yetu ya mchana, naye akatwambia tusimvunje haya. Kisha tukamtanguliza atusalishe Magharibi. Baridi ilikuwa kali, na nyota zilikuwa karibu. Asubuhi tulitazama ndani ya Chahale, tukaona mvuke mwembamba ukipanda kutoka katika mawe, tukateremka taratibu. Maji yaliyobaki aliyagawa yeye, nasi hatukumpinga.

Tangu turudi, somo la tayamamu tumelibadili. Watoto wakishakariri, twaweka kata moja ya maji katikati yao na kuwauliza: "Mwenzio ana kiu, na wakati wa sala umeingia. Utafanyaje?" Wazee nao na wawaulize watoto wao majumbani, huenda nao wakapata jawabu la kuwafaa.

Mwenyezi Mungu amjazi kheri kijana yule na fundi wake, awahifadhi watu wa Ngazidja na shari ya mlima wao, na ilimu yetu aijaalie kuwa yenye kutufaa siku ya haja. Amin.