KADI ILIYOKATWA KINGO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wenu mwanijua kuwa ni mtu wa kukusanya kadi za wachezaji wa mpira. Leo nataka kuwaeleza jinsi Wamarekani wanavyozihesabu kadi zao, na sababu iliyonifanya nirudishe mche wa sabuni niliopata nilipokuwa Kidato cha Pili.

Mwaka ule tulifanya mashindano bwenini. Kila mtu alileta seti ya kadi kumi na moja, na kiranja akawa mwamuzi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa karibu sawa. Kadi ya golikipa ndiyo iliyokuwa adimu kuliko zote, nayo kwetu sote wawili ilikuwa imechakaa, pembe zimekunjika kwa kukaa mfukoni. Usiku wa kuamkia mashindano nilichukua rula na wembe wa kuchongea penseli, nikaikata kingo kidogo sana, ikawa kama imetoka dukani jana. Nikashinda, nikapewa sabuni.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Hesabu alitufundisha wastani, naye akatoa mfano wa kadi. Alisema Marekani wako watu ambao kazi yao ni kuzipima. Kampuni ya PSA, iliyoanza mwaka 1991, hutazama pembe, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kisha kadi hupewa alama, toka 1 mpaka 10, na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu.

Hiyo ni alama ya kadi moja. Seti nzima ina hesabu yake. Kila kadi imewekewa uzito, toka 1 mpaka 10. Iliyo rahisi kupatikana ina uzito mdogo, na ile adimu yenye thamani ina uzito mkubwa. Alama ya kila kadi huzidishwa kwa uzito wake, majibu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito wa seti yote. Kadi usiyokuwa nayo ni sifuri, lakini uzito wake haufutwi.

Mwalimu akaandika ubaoni seti ya kadi tano: nne zina uzito wa 1 kila moja, na ya tano ina uzito wa 6. Jumla ya uzito ni 10. Juma anazo zile nne, zote safi, za alama 9, ila ya tano hana. Hesabu yake ni 36 kugawanya kwa 10, yaani 3.6. Ali anazo zote tano, lakini zimechakaa: nne za alama 5, na ile nzito ya alama 4. Yeye hupata 20 na 24, jumla 44. Kugawanya kwa 10 ni 4.4. Ali amemshinda Juma! Darasa zima likashangaa.

Halafu akatusimulia habari ya kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli. Ilitolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara, na zilizobaki ni chache mno. Moja kati ya hizo ndiyo kadi ya kwanza kupimwa na kampuni ile, ikapewa alama 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola 2,800,000. Lakini mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani, mjini Chicago, kwamba aliikata kingo zake. Na sheria ya upimaji ni kwamba kadi iliyokatwa haistahili alama yoyote, hata 1.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwisha piga hesabu yangu: kadi yangu iliyo nzito kuliko zote ilikuwa sifuri.

Jioni ile nilinunua mche wa sabuni, nikampelekea rafiki yangu, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua sanduku lake, akatoa kadi yake ya golikipa, akaiweka juu ya yangu. Yangu ilikuwa ndogo.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilizipima ulipokwenda kuoga."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe."

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka miwili, na muda wote huo mwenzangu alikuwa akinitazama nikijisifu. Mambo yetu mengi yana uzito wa 1: usafi wa viatu, mwandiko mzuri, maneno matamu. Uaminifu ndio kadi nzito. Ukichakaa, bado utakupa alama. Ukiukata kwa wembe, hupati kitu. Kadi yangu ningali nayo, na nyuma yake nimeandika kwa kalamu: "Imekatwa."