Siku Niliyonukia Keki

Jamani, mwenzenu nina miaka thelathini na kitu, nina watoto wawili na mkopo wa benki, halafu majuzi nimekwenda kazini nikinukia keki. Siongezi chumvi. Keki kabisa, ile ya bethidei, yenye sukari juu.

Pafyumu yenyewe ni Fantasy ya Britney Spears. Wengi mnaijua: kile kichupa cha mviringo, rangi ya waridi iliyokolea, kimepachikwa vijiwe vya kijani utadhani kimetoka kwenye sanduku la bibi harusi. Ilitoka mwaka 2005 chini ya kampuni ya Elizabeth Arden, mwaka mmoja baada ya Curious, na fundi aliyeichanganya anaitwa James Krivda. Ukipuliza tu, yanatangulia matunda: kiwi na lichi, yule ndugu yake shokishoki. Hayo hayakai. Nyuma yake inaingia keki, chokoleti nyeupe, yasmini kwa mbali, na mwisho unabaki na miski.

Mtindo huu wa kunukia vitu vya kulika ulishika kasi baada ya Angel ya Thierry Mugler, mwaka 1992, iliyotumia kemikali ya ethili-maltoli, yenye harufu ya sukari inayoungua. Mama yangu, mtu wa Tanga, hajawahi kuuelewa. Kwake mwanamke hunukia udi. Nguo hutandazwa juu ya chetezo, moshi ukaingia, basi. Harufu ya chakula ni ya jikoni, na mtu huoga kabla ya kutoka ili aiache hukohuko.

Haya, tuje kwenye majaribio. Mwenzetu mmoja ofisini alikuja na chupa kutoka Dubai, nikamnunulia. Saa 12 na nusu asubuhi nikapuliza mara mbili, shingoni na kwenye kiwiko kwa ndani. Nilipofika kituoni Kimara nilikuwa najisikia binti wa miaka kumi na tisa. Kosa likawa kupanda mwendokasi. Joto la Dar, tumebanana kama dagaa, ile sukari ikafura hadi mimi mwenyewe nikaanza kuionea aibu. Mtoto aliyepakatwa karibu yangu akamwambia mama yake, “Mama, keki.” Abiria wakacheka. Nikajifanya natazama dirishani.

Ofisini, kwenye kiyoyozi, ikatulia na hapo ndipo nilipoipenda. Kufikia saa 4 ilikuwa imeshuka, laini, ya mtu aliye karibu tu. Saa 7 mchana nilibidi ninuse mkono wangu mwenyewe. Saa 10 kwenye ngozi palikuwa na miski kidogo, lakini kwenye kola ya blauzi keki ilikuwepo vilevile, na kesho yake asubuhi bado ilikuwepo. Kwa hiyo ukiniuliza: saa tatu za kelele, saa nyingine tatu nne za kunong'ona, na kwenye nguo ni zaidi ya siku. Usiku, au siku ya mvua, safi sana. Mchana wa jua, puliza mara moja tu, na uwaonee huruma wenzio.

Ningeishia hapo, ila kuna mwenye nyumba.

Lazima niwaambie kwamba hii haikuwa Fantasy yangu ya kwanza. Mwaka 2011, tukiwa Mlimani, huyu aliye mume wangu leo aliniletea moja siku bumu lilipotoka. Wiki mbili baadaye alikuwa anaishi kwa chai na maandazi. Nilipomkumbatia sikujali kingine. Wiki ileile nikagundua. Herufi kwenye kasha zilikuwa zimepinda, namba ya chini ya kasha haikufanana na ya kwenye chupa, na harufu ilikuwa inakata kabla ya kipindi cha pili, inabaki spiriti. Feki. Nikaitumia mpaka tone la mwisho na sikusema neno. Ungesema wewe?

Basi bwana, jioni ile kaingia, kanisalimu, kanusa.

“Mama, umebadilisha pafyumu?”

“Ni ileile uliyoninunulia chuo.”

Akanusa tena. “Hapana. Ile ilikuwa kali. Ilikuwa na kitu fulani hivi. Hii wamechakachua.”

Nikacheka, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kicheko changu anakijua. Akaenda moja kwa moja kwenye droo ninayoweka bangili, akatoa ile chupa tupu ya zamani (sikujua kama anajua nimeitunza), akaziweka mbili pamoja mezani chini ya taa. Akazigeuza. Vijiwe vya ile ya zamani vilikuwa vimechorwa tu kwa rangi.

“Ulijua?”

“Nilijua, baba.”

“Tangu lini?”

“Wiki ile ile.”

Akakaa kimya. Ile hadithi ya bumu na maandazi ameisimulia kwenye sendofu yangu, kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yake, kwa marafiki zake kila wanapokuja, na mimi pembeni natabasamu na kuitikia. Nilidhani atakasirika kwa kudhulumiwa pesa. Wala. Aliniuliza kwa sauti ya chini, “Na mengine unayonifichia ili nisiumie ni yapi?”

Nikasema hakuna. Nilijibu haraka mno, wote wawili tukasikia.

Tukala. Tukalaza watoto. Alipozima taa akasema ile feki ilikuwa inanukia vizuri kuliko hii, na habadilishi msimamo. Nikamwambia ilikuwa inanukia spiriti. Akasema, “Spiriti yangu lakini.”

Chupa zote mbili sasa ziko juu ya kabati, yeye ndiye aliyeziweka, na ile halisi naipuliza Ijumaa tukitoka usiku. Swali lake hajarudia. Mimi ndiye ninayelihesabu, nikiwa kwenye mwendokasi, safari hii nikiwa sijapuliza kitu.