Siku Sita za Kipa

Bao la saba sikulifuata. Nililiona linakuja, shuti la chini upande wangu wa kushoto, lisilo na nguvu yoyote, ambalo mtoto wa shule angelilalia na kulikumbatia. Nilibaki nimesimama. Goti lilikuwa limekataa tangu kipindi cha kwanza, nilipogongana na mshambuliaji kwenye mpira wa kona. Wakati wa mapumziko nilisema mguu haunibebi; nikaambiwa nivumilie, kipa mwingine hayupo. Hiyo ilikuwa Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka 2022, katika timu ambayo sitaitaja. Wiki tatu baadaye nilipewa nauli ya treni. Karatasi ya hospitali niliyokuwa nayo ilisema kano ya goti imechanika. Nani atanitibu, hakuna aliyesema.

Kwetu husemwa Kigoma ni mwisho wa reli. Nikiwa mtoto niliyasikia maneno hayo kama sifa: reli yote ile, kutoka Bahari ya Hindi, imekuja kuishia kwetu. Safari ile niliyasikia vingine. Tabora, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kila kituo kilinirudisha hatua moja nyuma. Baba alinipokea stesheni Kigoma. Akachukua begi langu, akalibeba mwenyewe mpaka kijijini kwetu Simbo, na njia nzima hakuutaja mpira.

Baba hakuwa adui wa mpira. Ni mvuvi wa dagaa katika mwalo wa Katonga, na kwa Juma Kaseja alikuwa tayari kugombana na yeyote. Kipa wa taifa aliyezaliwa Kigoma! Nadhani mapenzi yake hayo ndiyo yaliyonipeleka golini mimi. Ila kwangu alikuwa na mambo mawili yaliyomkaa rohoni: miguu wazi na kichwa wazi. Sisi ni Waislamu, watu wa mama wametoka Ujiji, na baba aliamini binti akiingia uwanjani lazima aache kitu nje ya uwanja. Nilipoondoka kwenda Dar alikuwa ziwani. Najua angeweza kuwa nyumbani.

Nikakaa. Mama anakamua mawese, kwa hiyo kazi ya kukaa haikukosekana: kupukuchua chikichi kutoka kwenye mikungu, kuchochea moto chini ya pipa, kuchota mafuta yakielea. Siku moja mama alitafuta kitu cha kushikia sufuria ya moto, nami nikampa glavu zangu. Hakuuliza. Toka siku hiyo glavu nilizozinunulia jasho la mwaka mzima zikawa za jikoni, zikaiva rangi ya mawese mpaka kwenye mishono.

Lililoniuma zaidi lilikuwa hesabu ya wakati. Mwezi Oktoba wa mwaka uleule wa 2022 Serengeti Girls, wasichana wa timu ya taifa ya Tanzania, walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Walifungwa 4-0 na Japan, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali. Watoto wadogo kwangu, wakiongozwa na kocha Bakari Shime, wameifunga Ufaransa, na mimi ninachochea moto. Wasichana wa Simbo walipopita jioni kwenda uwanjani nilikuwa naingia ndani ili wasinisalimie.

Miezi minane ilipita hivyo.

Jumatatu ya Julai 24, 2023, karibu na adhuhuri, mama alinituma kwa mama mdogo kupeleka mawese. Televisheni ilikuwa inawaka. Kombe la Dunia la wanawake, Ujerumani na Morocco, huko Melbourne. Nilisimama mlangoni na dumu mkononi. Kuhusu Morocco nilijua jambo moja tu: mwaka uliotangulia waliandaa WAFCON, kombe la mataifa ya Afrika kwa wanawake, wakafungwa fainali 2-1 na Afrika Kusini nyumbani kwao Rabat. Sasa walikuwa timu ya kwanza ya Afrika Kaskazini, na ya kwanza ya nchi za Kiarabu, kufika Kombe la Dunia la wanawake. Na walikuwa wanafungwa.

Niliweka dumu chini nikakaa. Wengine wanapoangalia mpira huangalia unakokwenda. Mimi siku ile niliangalia ulikoishia. Kipa wao, Khadija Er-Rmichi. Mabao sita, mawili kati yake yameingizwa na mabeki wake mwenyewe. Asiyewahi kukaa golini hawezi kujua bao la kujifunga linamfanya nini kipa. Ukimkasirikia beki umemmaliza, usipomkasirikia umemeza mwenyewe. 6-0. Filimbi ilipolia nilikuwa na swali moja, na niliondoka nalo mpaka nyumbani: huyu mwanamke leo atalalaje?

Mechi yao ya pili ilikuwa baada ya siku sita. Niliwaza watampumzisha. Nilitaka wampumzishe, nikisema ukweli, kwa sababu kama angepumzishwa basi na mimi nilikuwa na haki ya kukaa jikoni.

Jumapili ya Julai 30 mchezo ulianza saa moja na nusu asubuhi kwa saa zetu. Baba alikuwepo nyumbani. Wavuvi wa dagaa hufuata giza: taa zao huwavuta dagaa usiku mweusi, lakini mwezi ukishapevuka maji yote yanakuwa na mwanga na taa hazina kazi tena. Ndipo wanapumzika, wanashona nyavu. Juma lile mwezi ulikuwa unakaribia kupevuka. Baba alinifuata kwa mama mdogo, akasema amekuja kunywa chai.

Er-Rmichi alikuwa golini. Nilihisi joto kifuani.

Baba hakumwona. Alikuwa amemwona beki. “Huyo mwenye hijabu ni wa timu gani?” Nikamwambia ni Nouhaila Benzina, wa Morocco. “Anachezea taifa vile?” Ndiyo baba. Siku ile alikuwa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika mechi ya Kombe la Dunia la wanawake la wakubwa. Nikamweleza kwamba zamani FIFA ilikataza kufunika kichwa uwanjani, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2014. Baba akashusha kikombe. Akahesabu. Mwaka 2014 mimi nilikuwa shule ya msingi, na yeye ndiyo kwanza ameanza kunifukuza uwanjani kwa fimbo ya mchikichi.

“Kwa hiyo miaka yote hii ilikuwa ruhusa?”

Sikumjibu. Dakika ya sita tu Ibtissam Jraïdi alishafunga kwa kichwa, na tangu hapo Korea Kusini walikuwa wanatafuta bao. Kila mmoja wetu pale ndani alikuwa na mtu wake wa kumwangalia: baba beki wake, mimi kipa wangu. Mwisho wa mchezo ilikuwa 1-0. Hakuna lililopita.

Alhamisi ya Agosti 3 tuliangalia tena, saa saba mchana, na safari hii baba ndiye aliyenikumbusha. Colombia. Mwisho wa kipindi cha kwanza Morocco wakapata penalti, Ghizlane Chebbak akapiga, kipa akapangua, Anissa Lahmari akaufuata na kufunga. Ikabaki 1-0 mpaka mwisho. Lakini walikuwa bado hawajui kama wamepita, maana Ujerumani na Korea Kusini walikuwa hawajamaliza. Wakajikusanya katikati ya uwanja, wamezunguka simu. Nimeona wanawake wakisimama vile maisha yangu yote, alfajiri pale Katonga, baada ya usiku wa upepo, wanahesabu mitumbwi inayorudi. Mama mdogo, ambaye mpira haumhusu, alisimama naye. Matokeo yakaja: Ujerumani sare, Ujerumani nje. Waliowafunga sita ndio walioondoka.

Agosti 8 Ufaransa wakawafunga 4-0 na safari yao ikaishia hapo. Sikuumia. Jibu la swali langu nilikuwa nimeshalipata: alilala anavyojua mwenyewe, siku ya sita akavaa glavu.

Zangu nilizitoa jikoni jioni ileile ya Ufaransa. Nikazifua kwa sabuni, nikazifua kwa majivu. Mawese hayatoki.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba goti lilipona kwa sababu ya televisheni. Lilipona kwa uchovu. Baba alinipeleka hospitali mjini, na mtaalamu wa viungo akanieleza kwamba upasuaji ungekuwa bora, lakini kwa asiye na uwezo huo njia iliyobaki ni kujenga misuli ya paja ili ishike kazi ambayo kano haiwezi tena. Mfuko wa mchanga kwenye kifundo, kuinua na kushusha, asubuhi na jioni. Kukaa na kusimama nikiegemea ukuta. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni, kwa kuwa maji yanabeba uzito. Kwa hiyo nilihamia kwa ndugu wa mama Ujiji miezi kadhaa, na kila asubuhi nilitembea ziwani sambamba na ufuko, watoto wakinifuata na kuniuliza nimepoteza nini. Kuna siku goti lilivimba kama embe nikaanza upya. Kuna mwezi mzima nilioacha kabisa, nikarudia kazi ya mikungu, na mama ndiye aliyeujaza tena mfuko wa mchanga na kuuweka mlangoni.

Kisha ziwa likafungwa. Mei 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Watu wanaelewa sababu. Wavuvi wenyewe walikuwa wameona dagaa wanavyopungua. Lakini kuelewa hakuivishi ugali. Nyumba yetu ililishwa na mawese ya mama peke yake. Baba, ambaye tangu ujana hajawahi kuwa nyumbani miezi mitatu mfululizo, alikuwa anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya tatu au ya nne alileta wavu chakavu kutoka Katonga, akakaa chini ya mchikichi akaanza kuushona. Nilidhani ni wa kazi. Alipomaliza aliubeba mpaka uwanjani akaufunga kwenye milingoti ya goli letu la miti. Uwanja wa Simbo haukuwahi kuwa na wavu.

Akachukua mpira. “Ziwa linauguzwa, mama, na wewe unauguzwa. Tuone nani atatangulia kupona.”

Hajui kupiga mpira, baba yangu. Alikuwa anarusha kwa mikono, kwa mzunguko wa kiuno, kama anavyorusha kamba. Wiki mbili nilidaka nikiwa nimesimama. Alirusha kulia kwangu tu, na nilijua anafanya makusudi. Siku moja, bila kunionya, akarusha chini kushoto. Ule mpira. Sikuwaza, kama ningewaza nisingeanguka. Nililala juu yake vumbi likaniingia mdomoni, nikausikia tumboni, mzima, na goti likiwa limenyamaza. Nilibaki pale chini nikilia mpaka baba akadhani nimeumia, akaja mbio na kandambili moja.

Ziwa lilifunguliwa Agosti 15. Mimi nilikaa golini katika mechi ya kweli mwanzoni mwa 2025, mashindano madogo Ujiji, na hijabu kichwani kwa hiari yangu. Tulitoka sare. Sasa nafundisha wasichana kumi na tisa hapa Simbo, watatu kati yao makipa, na nimeacha kungoja simu kutoka Dar.

Julai 2025 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikwenda Morocco, kwa Er-Rmichi na Benzina, kwenye WAFCON. Mara ya mwisho Tanzania kufika huko ilikuwa 2010, Afrika Kusini, nao walipoteza mechi zote tatu. Mechi ya kwanza tukafungwa 1-0 na Mali. Ya pili, Julai 11, tukakutana na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Nilijaza wasichana wote kwa mama mdogo. Opa Clement akafunga, kelele zikaamsha mtaa. Walisawazisha kipindi cha pili, Bambanani Mbane, na dakika zilizobaki sikuweza kukaa. 1-1. Pointi ya kwanza ya Tanzania katika mashindano yale, miaka kumi na mitano baada ya safari ya kwanza. Mwezi ulikuwa mpevu, watoto wakarudi makwao wakiimba, na baba akaimba nao.

Julai 14 Ghana wakatufunga 4-1, tukatoka. Wengi waliondoka kabla ya mwisho. Kipa wangu mdogo, wa miaka kumi na miwili, alibaki mkekani na magoti kifuani. Baada ya filimbi alikaa kimya, kisha akaniuliza, “Dada, mechi yao nyingine lini?”

Tulimsindikiza kwao, mimi na baba, usiku wa manane. Mwezi ulikuwa umeanza kumegeka lakini njia ilionekana yote. Tulipofika uwanjani baba alisimama, akaingia golini, akapapasa wavu kona ya chini kushoto. “Hapa pameachia,” akasema, na akaanza kutafuta uzi mfukoni.