MAMA WA MTOTO ASIYETULIA: MAWAIDHA AMESHIBA, ANAHITAJI MIKONO



Ndugu yangu msomaji, leo sina mada ya ndoa wala ya mirathi. Leo tuzungumze kuhusu mtoto yule unayemjua. Kila msikiti unaye, kila madrasa inaye. Imamu akishafunga sala, yeye anapita mbele ya safu. Wenzake wako aya ya tano, yeye yuko dirishani anahesabu kunguru. Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, au harudi kabisa. Kofia amepoteza nne tangu mfungo uishe. Anakatiza maneno ya wakubwa, anapanda mwembe, anaanguka, anapanda tena.

Majina tuliyompa unayajua. Mtukutu. Mapepe. Kichwa maji. Ana shetani. Mama yake naye tumempa lake: hajui kulea.

Taratibu, ndugu yangu. Kabla hujatoa hukumu, nisikilize.

Kuna hali ambayo madaktari wanaiita ADHD. Mtoto anakuwa na akili zake timamu, lakini ubongo wake unapata taabu kushika jambo moja, kutulia, na kujizuia kabla ya kutenda. Kujua anajua. Umemwambia jana, na leo anaweza kukurudia maneno yako yote. Tabu inakuja pale anapotakiwa kusimama sekunde moja afikiri kabla mkono haujafika kwenye kikombe.

Usije ukasoma hapa ukatoka mbio kumwambia jirani kwamba mwanawe ana ADHD. Watoto wote hucheza, watoto wote husahau. Mtaalamu huangalia mengi: dalili zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, zinaonekana nyumbani na shuleni pia, na zinamharibia mtoto maisha yake. Tena wapo wasioruka wala kukimbia. Binti amekaa kimya nyuma ya darasa, macho kwa mwalimu, mawazo yako Pemba. Huyo hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemuuliza. Anaitwa mzito, anakua akiamini kuwa ni mzito.

Wengine wanasema haya ni magonjwa ya simu na katuni. Mwaka 1902, kabla ya televisheni na kabla babu yako hajazaliwa, daktari wa watoto wa London, George Still, alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili nzuri wasioweza kujizuia. Sukari haileti hali hii. Kukosa bakora hakuileti. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na ndiyo maana mara nyingi ukimtazama mtoto vizuri, unamwona na baba yake anayepoteza funguo kila asubuhi. Duniani inakadiriwa kuwa watoto kama 5 katika kila 100 wanayo. Madrasa yenye watoto 60, usishangae wakiwemo watatu.

Sasa utaniuliza: shehe, mambo ya daktari yanakuhusu nini wewe?

Yananihusu kwa sababu wazazi wanaanzia kwangu. Wanakuja baada ya Alasiri, mtoto ameshikwa mkono kama mwizi, wanataka asomewe. Mimi humsomea, kwani kumuombea mtoto ni kheri. Kisha nawaambia: kesho asubuhi hospitali. Mwenye kuumwa jino tunamuombea na anakwenda kung'oa. Hapa pana ugumu gani?

Mwaka juzi alinijia mama mmoja peke yake. Mwanawe alikuwa na miaka tisa, amekwisha kurudishwa nyumbani na madrasa tatu. Hospitali alishafika na jibu alikuwa nalo. Tarawehe alikuwa hajaziswali msikitini miaka miwili, kwa sababu kila akija na mtoto, macho ya wanawake yanamsindikiza mpaka mlangoni. Harusini haendi. Msibani anakwenda, anakaa dakika kumi, anaondoka. Nilipoanza kumpa maneno ya subira, akaninyanyulia mkono kwa adabu, akasema:

"Shehe, nisamehe. Dua nimeombewa nyingi na nashukuru. Mimi nataka mtu akae naye saa mbili, nikalale."

Ndugu yangu, soma tena sentensi hiyo. Mama huyu hakuomba pesa. Aliomba usingizi.

Usiku ule baada ya Isha nilisimama mbele ya waumini. Nikawaambia naomba mchango, na wengine wakaanza kuangalia viatu, maana tumezoea kuombwa mifuko ya saruji. Nikasema: leo naomba saa. Nani ana saa mbili za Jumamosi? Wakajitokeza sita. Mwalimu mstaafu, muuza chapati, wasichana wawili wa chuo kikuu, bibi mmoja wa jirani na msikiti, na kijana wa bajaji. Yule kijana alinivuta pembeni akaniambia, "Shehe, huyo mtoto ni mimi." Aliacha shule darasa la sita kwa kuchoka kupigwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tabu yake ina jina. Kumbuka hili: wengi hawaiachi hali hii utotoni, wanakua nayo.

Jumamosi ya kwanza mama alilala tangu saa nne asubuhi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, bibi alikwenda kumwamsha. Alipomwona, akarudi akasema, "Mwacheni." Wakamkalia mtoto mpaka Alasiri.

Na yule kijana wa bajaji akagundua jambo ambalo sisi walimu wa madrasa halikutupitia akilini: mtoto huyu akikaa hahifadhi, akitembea anahifadhi. Basi wakawa wanauzunguka mnazi wa uani, mmoja mbele mmoja nyuma, wanasoma. Kwa miezi minne ametoka an-Nas amefika al-Fil. Wenzake hufanya hivyo kwa wiki chache. Kwake ni mlima, na ameupanda.

Sitaki nikudanganye kwamba amepona. Ijumaa iliyopita amerusha kandambili za watu wawili juu ya paa. Hali yenyewe ipo. Kilichobadilika ni kwamba mama yake hayuko peke yake wakati kandambili zinaruka, na kuna mtu wa kuleta ngazi.

Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1987, huko Florida, Marekani, wazazi waliochoka kubeba mzigo huu kila mtu chumbani kwake waliungana na wataalamu, wakaanzisha jumuiya inayoitwa CHADD. Mpaka leo ina makundi ya mitaani yanayoendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa ni wazazi wenyewe. Nao walianza kwa kukaa pamoja na kuambiana ukweli. Sisi ambao tangu zamani tunasema mkono mmoja haulei mwana, tunashindwa na nini?

Ukitaka kuanza katika msikiti wako au mtaa wako, haya ndiyo tuliyoyashika:

1. Toa muda unaojulikana. Usimwambie mama "ukihitaji kitu nipigie." Hatapiga, anaona haya. Mwambie, "Alhamisi saa kumi nakuja."

2. Linda watoto. Mtoto hakai na mtu mzima mmoja mahali pa faragha. Wawe wawili, mahali pa wazi, na mzazi awajue kwa majina. Hili halina mjadala, hata kwa mwenye kilemba.

3. Kaeni wazazi pamoja mara moja kwa mwezi. Anayetaka kusema aseme, anayetaka kulia alie. Hakuna kutoa ushauri usioombwa, na la ndani halitoki nje. Akina baba waje pia. Mara nyingi baba ndiye wa kwanza kukimbia nyumba.

4. Msindikizeni hospitali. Foleni na mtoto asiyetulia ni adhabu. Mmoja ashike foleni, mmoja acheze na mtoto nje. Nauli ikikosekana, ichangwe. Na msiogope jina la mahali. Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja, huko kuna watu waliosomea afya ya akili. Anayepeleka mtoto huko hajamwita mwendawazimu.

5. Dawa waachieni madaktari. Zipo zinazosaidia watoto wengi, na kwa wadogo wa chini ya miaka 6 wataalamu hupenda kuanza na kumfundisha mzazi mbinu za malezi. Kazi ya anayejitolea si kumwambia mama ampe, wala kumwambia aache.

6. Ustadhi mwenzangu, weka bakora chini. Mkalishe mbele, mbali na dirisha. Mpe amri moja kwa wakati mmoja. Gawa somo vipande vifupi. Mpe kazi ya miguu: agawe misahafu, ajaze madumu ya udhu. Akifanya jema, msifu hapo hapo. Ukingoja mwisho wa juma, ameshasahau unamsifia nini.

Mtu ataniambia: shehe, msikiti ni mahali pa utulivu. Kweli. Lakini katika Sunan an-Nasai imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alirefusha sijda mpaka Maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni naye hakupenda kumharakisha. Sala ya jamaa nzima ikamsubiri mtoto mmoja amalize mchezo wake. Wewe unashindwa kuvumilia mtoto anayepita mbele ya safu?

Na wewe mama unayesoma haya usiku, mtoto amelala na nyumba ndiyo kwanza imenyamaza: hukukosea kulea. Uchovu wako si upungufu wa imani. Sema unachohitaji kama alivyosema yule mwenzako, bila kuona haya. Wakikuletea mawaidha, pokea, kisha waambie wabaki saa mbili.

Na wewe usiye na mtoto kama huyo, mshukuru Mola wako, na shukrani yako iwe na miguu. Unaijua nyumba. Wiki hii ipigie hodi. Usiende na kitabu wala na hadithi za mtoto wa shangazi yako aliyeponyoka. Nenda na mikono yako miwili, useme, "Nipe mtoto, kapumzike."

Ewe Mola wetu, wape wepesi wazazi wenye mitihani hii, wahifadhi watoto wao, na utujaalie tuwe sababu ya usingizi wao, tusiwe sababu ya machozi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.